Gesi Haiishi

Ukitaka kuniudhi hata leo, na magoti yangu haya yalishanistaafisha, nipigie simu uniambie, "Mama Fundi, AC yangu gesi imeisha." Nitakuuliza imeishia wapi. Umepikia wali? Umechemshia chai? Gesi ya jikoni inaisha kwa sababu unaichoma. Gesi ya kiyoyozi inazunguka ndani ya mabomba ya shaba, inatoka nje kwenye mashine kubwa, inaingia chumbani, inarudi palepale ilipoanzia, na bomba likiwa zima itazunguka hivyo mpaka mashine yenyewe ichakae. Kama imepungua, kuna mahali inavuja, na kazi yako ni kupatafuta. Kama haijapungua, basi umeitwa kwa shida nyingine ambayo bado hujaiona.

Nawaandikia nyie vijana mnaotoka vyuo vya ufundi na mifuko mizuri ya zana, na nyie wengine mnaoanza kupanga nyumba na kununua kiyoyozi kabla ya kitanda. Nimefanya kazi hii tangu enzi za viyoyozi vya dirishani, vile vilivyokuwa vinatetemesha vioo na kudondoshea maji wapita njia, mpaka hivi vya sasa ambavyo usipotazama taa hujui kama vimewaka. Mashine zimebadilika sana. Neno "gesi imeisha" halijabadilika, na mimi ndilo ninalolilaumu kwa nusu ya umeme unaopotea katika mji huu.

Nadhani tumelitoa jikoni. Watu walipozoea mitungi ya kupikia, wakazoea na habari yake: moto ukififia, mtungi umekwisha, leta mwingine. Kiyoyozi nacho kikipuliza hewa ya vuguvugu, hesabu ni hiyohiyo. Fundi ambaye hakujaza gesi anaonekana hajafanya kitu. Mara ngapi nimefungua filta iliyoziba vumbi mpaka imekuwa kama mkeka, nikaiosha kwa maji ya bomba, nikairudisha, chumba kikapoa, na mwenye nyumba bado amesimama mlangoni ananitazama kama mgonjwa aliyenyimwa sindano. "Sasa fundi, na gesi hujajaza?" Baba, chumba kimepoa. "Sawa, lakini ungejaza tu kidogo."

Filta hiyo unaweza kuiosha mwenyewe. Fungua kifuniko, ivute, iweke chini ya bomba, ikaushe kivulini, irudishe. Kwa wale wanaokaa karibu na barabara za vumbi, usisubiri mwezi uishe. Nimemaliza habari ya filta, maana nikiendelea nitakasirika.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Komba, mtu wa Songea, mrefu, mpole, sauti yake ya chini mpaka uisogelee. Karakana yake ilikuwa Temeke, na mimi ni mtoto wa Temeke, nilikuwa napita pale kila siku. Mafundi wengine waliponiona nimekuja kuomba kazi waliuliza kama nimeleta chakula. Komba aliuliza kama naogopa kupanda ngazi. Nikasema siogopi. Akanionyesha ngazi ilipo, na mjadala ukaishia hapo. Baadaye wateja walipokuwa wananitazama nimeshika zana na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko njiani?", yeye alikuwa anajibu kwa upole kwamba fundi ameshafika, yeye amekuja kunibebea mkoba.

Katika miaka yote sikumsikia akisema gesi imeisha. "Gesi haiishi, Mwanahawa," alikuwa ananiambia. "Inatoka. Na kitu kikitoka kimepita mahali." Halafu anachukua povu la sabuni na brashi, anapaka kwenye maungio ya bomba moja baada ya jingine, anasubiri. Penye tundu povu linatoa kipovu kidogo kinachokua polepole. Alikuwa anakitazama kipovu kile kwa furaha kabisa, na mimi nilimpenda kwa furaha ile. Ni watu wachache wanaofurahi wakiona tatizo lenyewe badala ya malipo yake.

Lakini siri yake haikuwa sabuni. Ilikuwa kukaa. Komba akiingia nyumbani kwa mtu, anasalimia, anavua viatu, anaomba aonyeshwe chumba chenye shida, anakaa chini na kunyamaza. Mkoba haufunguliwi. Anaomba maji, anakunywa kidogo kidogo, jasho linamtoka. Wateja wengi walidhani amechoka au ni mvivu, na mimi siku za mwanzo nilikuwa naona aibu, natamani nimsukume kwa kiwiko. Kisha anasimama na kuanza kugusa kuta kwa kiganja, ukuta wa kwanza, wa pili, mlango, fremu ya dirisha, anapandisha mkono kuelekea dari. Anatafuta joto linaingilia wapi. "Nyumba kwanza," anasema, "mashine baadaye."

Siku moja tuliitwa Mikocheni kwa bwana mmoja aliyekuwa amefunga viyoyozi viwili vikubwa kwenye sebule moja na bado anajipepea. Komba akakaa, akanywa maji yake, akagusa gusa, akaenda kufunua pazia refu zuri lililoshuka kutoka darini. Nyuma ya pazia, juu ya dirisha, kulikuwa na safu ya matundu ya hewa, yale ya tofali za maua, yamewekewa wavu wa mbu tu. Baridi yote ilikuwa inatoka hapo. Yule bwana alicheka mpaka akakaa. "Kumbe muda wote nawapoza wapita njia," alisema, akaenda kumwita mkewe aje aone. Tuliziba matundu yale kwa vipande vya mbao vyenye bawaba, unafungua ukitaka upepo, unafunga ukiwasha mashine. Kiyoyozi kimoja kikatosha, cha pili akampa shemeji yake.

Na hii namba kumi na sita. Nani aliwaambia kwamba ukiweka rimoti kumi na sita chumba kinapoa haraka zaidi? Mashine haina haraka. Inapuliza baridi ileile, tofauti ni kwamba kwenye kumi na sita haifiki, kwa hiyo haipumziki. Ukiiwekea ishirini na tano au sita, ikafika, inatulia, na hizi za inveta zinapunguza mwendo na kutembea taratibu zikila umeme kidogo. Ongeza pangaboi la darini likizunguka polepole, mwili utadhani ni baridi zaidi kuliko ilivyo. Ila pangaboi linapoza mtu, halipozi chumba. Ukitoka, lizime. Shangazi yangu alikuwa analiacha linazunguka ili akirudi sokoni akute kumepoa, na tulibishana juu ya jambo hilo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, bila kukubali.

Huyohuyo shangazi friji lake lilikaa sebuleni, mgongo umebanwa ukutani, limefunikwa vitambaa vya kufuma juu na ubavuni, na maua ya plastiki. Lilikuwa linanguruma mchana kutwa. Nikalisogeza mbele kidogo lipate hewa mgongoni, nikatoa vitambaa. Kesho yake nimekuta vimerudi. Alisema friji bila vitambaa linaonekana kama liko dukani.

Sasa niwasimulie habari ya Kibamba, kwa sababu ndiyo inayonijia kila nikimkumbuka Komba, na siku hiyo si yeye peke yake aliyenishangaza.

Alinipigia mama mmoja, Mama Zuhura, mshonaji wa nguo nyumbani kwake, mumewe dereva wa lori la safari za mbali. Akasema AC yake imeshajaziwa gesi na mafundi wengi na bado haipozi. Komba wakati huo alikuwa ameanza kuzeeka, kazi anachagua, lakini nilipomwambia maneno yale alivaa viatu bila kuniuliza ni wapi. Tukaenda mpaka Kibamba, tukapanda kilima chenye nyumba mpya za bati.

Mlango ulifunguliwa na mtoto wa kike wa miaka kama saba, nywele nyepesi, meno machache yenye ncha, na kizibao cha khanga kilichoroa maji chapachapa. "Shikamoo babu, shikamoo shangazi," akasema, kisha akataka kujua ndani ya mkoba kuna nini, na kama bisibisi ni ya kiume au ya kike. Huyo ndiye Zuhura. Mama yake alitueleza akiwa bado anatukaribisha viti. Mtoto alizaliwa hatoki jasho. Vitundu vya jasho hana. Joto likimwingia halina pa kutokea, na aliwahi kuzimia shuleni akabebwa. Daktari alisema maisha yake yanataka kitu kimoja, asipate joto.

Kizibao kile mama alikibuni mwenyewe. Khanga mbili zimeshonwa pamoja, katikati kuna mifuko myembamba ya kuweka vitambaa vya maji, mabegani vifungo ili mtoto akivue na kukirowesha peke yake. Alikuwa navyo vingi vya rangi mbalimbali, mtoto asione aibu ya kuvaa kilekile. Komba alikishika, akakigeuza ndani nje, akafuata mshono kwa kidole. Alisema maji yakikauka yanaondoka na joto, na kwamba hii ni kazi ileile ya AC, ila hii haichomekwi. Nilimwona anamtazama mama yule jinsi alivyokuwa anatazama mafundi aliowaheshimu, ambao hawakuwa wengi.

Shida ilikuwa saa za mchana. Kizibao peke yake hakikutosha Januari na Februari. Kwa ajili hiyo walifunga kiyoyozi chumbani kwa mtoto, na kikawa kinanguruma kwenye kumi na sita mchana kutwa bila kukipoza chumba, luku ikaanza kulia kwamba umeme umebaki kidogo kabla wiki haijafika katikati, na umeme ukikatika mtoto anapelekwa bafuni kukaa kwenye beseni. Baba mtu alikuwa ameamua. Kama AC haitafaa kabla ya joto kubwa, Zuhura aende Lushoto kwa shangazi yake, kule kwenye baridi, akakae na kusoma hukohuko.

"Lushoto pazuri, najua," Mama Zuhura alisema. "Na wifi yangu mtu mwema. Lakini fundi, huyu akianza kuzidiwa halii wala hasemi. Anakuwaga kimya tu. Mie cherehani inapiga kelele, lakini namsikiliza yeye, akinyamaza nakimbia. Nani kule atajua kwamba huyu akinyamaza ndiyo hatari?"

Komba akavua viatu, akaenda chumbani kwa mtoto, akakaa sakafuni. Nilikuwa nimeshatoa geji za kupimia gesi. Akanifanyia ishara nizirudishe mkobani. Zuhura akaja kukaa karibu naye, akanyoosha miguu kama yeye. Wakanywa maji wote wawili.

Ukuta wa magharibi ulikuwa wa moto mpaka mkono unautoa. Nikapanda darini, nikafungua kipande cha jipsamu na kuingiza kichwa. Joto lililokuwa limefungiwa chini ya bati lilinipiga usoni nikashuka. Hapakuwa na hata tundu moja la kulitolea. Kisha tukazunguka nje kuitafuta mashine kubwa, na hapo ndipo tulipokuta kioja.

Mashine haikuonekana. Palikuwa na kibanda cha tofali, kimepigwa plasta vizuri, mlango wa chuma na kufuli. Mama alituambia mtaa ule wezi wamechukua mashine mbili wakauze shaba, kwa hiyo mumewe alijenga kibanda. Ni jambo linaloeleweka kabisa, mimi mwenyewe ningemsifu. Lakini kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto la chumbani, na pale ilikuwa inalitupa, linagonga tofali, inalivuta tena. Kila fundi aliyekuja aliomba ufunguo, akaingiza mkono, akajaza gesi, akafunga kufuli. Tulipopima, gesi ilikuwa nyingi kupita kiasi.

"Mama," Komba akasema, "mashine yako haina njaa. Imevimbiwa, halafu imefungiwa stoo."

Mama Zuhura alicheka kwanza, kisha akaziba uso kwa mtandio. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unaisha. Akampigia mumewe simu palepale, akiwa safarini, wakakubaliana kwamba joto la Januari ndilo litakaloamua.

Kazi ile haikuwa na ajabu yoyote, ndiyo maana naisimulia. Tulibomoa kibanda, tukaweka kizimba cha nondo kilichochomelewa, mwizi apambane nacho, hewa ipite. Tukatoa gesi iliyozidi na kuiweka kwenye mtungi wetu. Kwenye kuta za pembeni, juu ya dari, tukatoboa matundu pande mbili, upepo uingie huku na joto litoke kule. Matundu ya hewa ya chumbani tukayawekea vifuniko vya bawaba. Chini ya mlango mama akashona mto mrefu wa mabaki ya vitambaa kuziba mwanya. Ukuta wa magharibi tukausimamishia kibaraza cha makuti, kisiuguse, kiache nafasi ya hewa kupita katikati.

Dirisha ndilo lililobaki. Komba alitaka kivuli cha nje, kwa sababu pazia la ndani linazuia jua likiwa limeshaingia. Mama Zuhura akaomba aachiwe hilo. Tuliporudi tulikuta ameshona turubai kwa nje, rangi nyeupe juu, chini ameacha mfereji na kupitisha kipande cha bomba ili upepo usilipeperushe, na kamba mbili za kulikunja jioni. Komba alilipandisha na kulishusha mara kadhaa. "Mama, ningekukuta ujana wangu," alisema, "karakana ingekuwa yako." Nilisikia wivu kidogo, lakini alikuwa amesema kweli.

Akatoa na shauri la mwisho: cherehani ihamie chumbani kwa mtoto, ili mchana wapoze chumba kimoja tu wakae wote humo. Kiyoyozi kiwashwe mapema kabla ukuta haujashika moto, rimoti ishirini na sita, pangaboi polepole.

Januari ilipofika na joto lake, joto lile ambalo mbwa hawabweki, tulikwenda kuangalia. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nje, mashine ilikuwa imetulia; nikadhani imezimika, nikaweka sikio, nikasikia inatembea taratibu. Luku haikuwa inalia. Ndani, Mama Zuhura alikuwa anashona sare za shule, Zuhura yuko sakafuni na kizibao chake kilichoroa, anachora na kuzungumza peke yake bila kupumzika, maana mtoto yule alikuwa msemaji. Komba akakaa mahali pake. Mimi nikagusa ukuta wa magharibi, nao ulikuwa wa kawaida, kama ukuta wa asubuhi.

Kisha Zuhura akanyamaza.

Mguu wa mama yake ulisimama kwenye cherehani palepale. Sikumwona akiinuka, nilimwona ameshapiga magoti, mkono uko shingoni kwa mtoto, mwingine unatafuta kikombe cha maji. Na mimi nilikuwa nimeshaufungua mlango nikimbilie bafuni kwenye beseni. Mtoto alikuwa amejikunja, mikono ameikumbatia kifuani, anatutazama wote watatu kwa mshangao.

"Mama," akasema, "nasikia baridi."

Mama yake akamwambia arudie. Akarudia. Mama Zuhura alifungua vifungo vya mabegani polepole, akakivua kile kizibao cha maji, akakiweka pembeni, akamfuta mtoto mgongo. Komba aligeukia ukutani akaanza kukunja mpira wa maji tuliokuja nao wa kuoshea mashine, ambao haukuwa na haja ya kukunjwa.

Mama akafungua kabati. Palikuwa na khanga, palikuwa na mashuka, palikuwa na vizibao vya kila rangi. Kitu cha kumfunika mtoto mwenye baridi hakikuwamo, kwa sababu nyumba ile haikuwahi kukihitaji. Akatoka kwa mlango wa uani, peku, kwenye mchanga unaounguza, mpaka kwenye ua wa jirani yake aliyetoka Njombe, kwenye baridi. Tulimsikia sote kutoka ndani.

"Mama Tumaini, una blanketi? Mwanangu anasikia baridi."

Jirani akaitikia kwamba amesikia, anakwenda kulitafuta. Mama Zuhura akabaki amesimama juani, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, mtaa wote usikie: "Mwanangu anasikia baridi."